Maisha ya wasichana wa tamaduni mbalimbali: gawa maswali, usigawe nchi

Swali la msomaji

"Nina darasa la wanafunzi 48, wavulana na wasichana nusu kwa nusu, wa miaka 13 hadi 15. Nimepewa vipindi sita vya dakika 40 kufundisha maisha ya wasichana katika tamaduni mbalimbali. Mwaka uliopita niligawa makundi, kila kundi nchi yake. Walileta mabango ya mavazi, vyakula na harusi. Wavulana walicheka, wasichana walinyamaza, na kwenye insha karibu wote waliandika kwamba wanawahurumia wasichana wa huko. Safari hii nipange vipi?"

Jibu

Mwalimu, mambo yaliharibika ulipogawa nchi, kabla mwanafunzi hajasoma chochote. Ukimkabidhi kijana wa miaka 14 nchi nzima na kumwambia atafute utamaduni wa wasichana, atarudi na vitu vinavyoonekana upesi: vazi, sherehe, chakula, na jambo moja la kutisha. Bango linajaa rangi. Lakini uliza msichana huyo huamka saa ngapi, nani humtuma, nani atarithi nyumba anayoifagia; hakuna anayejua. Kicheko ulichokisikia ni cha mtu aliyeonyeshwa jambo geni bila kuambiwa sababu yake, na huruma iliyojaa kwenye insha imetoka hapo hapo. Anayecheka na anayehurumia wote wamemtazama msichana kwa mbali.

Safari hii gawa maswali. Manne yanatosha. Kwanza, nani anaamua siku yake inavyokwenda? Pili, anajifunza nini, wapi, na nani amemruhusu? Tatu, atarithi nini, na atadaiwa nini na wazazi wake? Nne, nani ana kauli juu ya mwili wake, yaani mavazi, kuvunja ungo na ndoa? Kila swali lipite mahali patatu, na katika hapo patatu pawepo angalau mahali pa nchi tajiri na mahali pa zamani. Sharti hili lishike kweli. Bila hilo, wanafunzi watajifunza kwamba wasichana wenye matatizo ni wa kusini mwa dunia tu, na kwamba "mila" ni kitu cha watu wengine.

Mfano mzuri ni swali la urithi, kwa sababu wanafunzi hulidharau mwanzoni kisha ndilo linalowachangamsha kuliko yote. Kadi ya kwanza iwe ya Wakhasi wa jimbo la Meghalaya, kaskazini mashariki mwa India. Huko ukoo hufuata upande wa mama, na nyumba ya familia hurithiwa na binti wa mwisho, kitinda mimba, anayeitwa ka khadduh. Mume ndiye huhamia kwake. Lakini urithi huo una mzigo wake: binti huyo ndiye hubaki na wazazi, huwauguza na kuendeleza ibada za ukoo. Na sauti ya mwisho katika mambo ya familia kwa desturi ni ya mjomba, ndugu wa mama. Mabaraza ya kijiji nayo kwa desturi yalikuwa ya wanaume. Mwanafunzi akisoma hadi hapo ataona kwamba kumiliki na kuamua ni mambo mawili tofauti, jambo ambalo hata watu wazima wengi hulichanganya.

Kadi ya pili iwe ya Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, Indonesia, ambao ni Waislamu na wakati huohuo ardhi na nyumba ya ukoo hutoka kwa mama kwenda kwa binti. Humo mweke na kaka. Kwa desturi ya zamani mvulana aliyefikia umri hakuwa na chumba katika nyumba kubwa ya ukoo. Alilala surau, nyumba ya kusalia na kusomea, na baadaye alitarajiwa aende ugenini kutafuta maisha. Wavulana wako wakisikia hivyo, ghafla mada inawahusu.

Kadi ya tatu ni ya Uingereza, na inafurahisha kwa sababu ni ya juzi tu. Mpaka sheria ya 2013, iliyoanza kutumika 2015, mtoto wa kiume wa mfalme alimruka dada yake mkubwa katika foleni ya kiti cha enzi. Louis, mwana wa Prince William, alipozaliwa 2018 hakumruka dada yake Charlotte. Mbele ya kadi hizi tatu, uliza: nani anabaki nyumbani, nani anaondoka, na nani anasikilizwa? Hapo hakuna aliye wa ajabu tena.

Kwa swali la masomo, kadi zangu zingekuwa hizi. Moja ya Bihar, India, ambako mwaka 2006 serikali ya jimbo ilianza kuwapa wasichana wanaoingia darasa la tisa fedha za kununulia baiskeli. Watafiti walipima na kukuta kwamba uandikishaji wa wasichana wa rika la sekondari ulipanda kwa takriban asilimia 32, na faida kubwa ilikuwa katika vijiji vilivyo kilomita tatu au zaidi kutoka shuleni. Ifundishe kadi hii kwa kuficha jibu. Waambie wanafunzi: wasichana wa mahali hapa wanaacha shule, toeni sababu tano. Watataja dini, mila, wazazi wasiojua thamani ya elimu. Umbali ama hautatajwa kabisa ama utakuwa wa mwisho. Ndipo uwape sehemu ya pili ya kadi.

Nyingine ni ya Afghanistan, ambako tangu Septemba 2021 wasichana wamefungiwa milango ya sekondari, na tangu Desemba 2022 vyuo vikuu pia. Usiishie kwenye marufuku. Weka na desturi ya bacha posh, iliyokuwapo muda mrefu kabla: familia isiyo na mtoto wa kiume humvisha binti mmoja suruali, humkata nywele na kumwita jina la mvulana, na kwa vazi hilo huweza kwenda dukani, kusindikiza dada zake, hata kufanya kazi. Akibalehe, kwa kawaida hurudishwa kuwa msichana. Uliza: ni kitu gani hasa kilibadilika kwa mtoto yule alipovaa suruali? Acha wakae kimya kidogo, usiwajibie.

Ya tatu ichukue Uingereza ya karne ya 19: kwa kanuni za mwaka 1862, shule za msingi zilizopokea ruzuku ya serikali zilitakiwa kuwafundisha wasichana kushona. Saa ya kushona haikuongezwa juu ya ratiba. Ilitolewa katika muda ambao wavulana waliendelea na hesabu.

Swali la mwili ndilo gumu, na hapa chagua kwa makini. Ningeanza na kuvunja ungo, kwa sababu ni tukio lilelile la mwili ambalo watu wamelipa maana zinazopingana kabisa. Kwa Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, kuna Kinaaldá, sherehe ya siku nne. Msichana husukwa nywele, mwanamke mzima anayeheshimika humkanda mwili kana kwamba anamfinyanga upya, na kila siku msichana hukimbia kuelekea mashariki, kila safari akienda mbali zaidi. Husaga mahindi. Usiku wa mwisho keki kubwa ya mahindi huokwa ndani ya shimo ardhini huku watu wakikesha kwa nyimbo, na asubuhi yeye hugawia wageni. Kwa desturi yeye mwenyewe haili. Weka pembeni yake chhaupadi ya magharibi mwa Nepal, ambako mwenye hedhi huondolewa nyumbani akalale kibandani au zizini. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliipiga marufuku 2005, na sheria iliyoanza kutumika Agosti 2018 ikaweka adhabu ya kifungo cha miezi mitatu au faini ya rupia 3,000 kwa anayemlazimisha mwanamke. Usiwaache waishie kusema "hawa wazuri, hawa wabaya". Waambie pia kwamba kanuni za serikali ya Marekani za mwaka 1883 zilizifanya ibada nyingi za wenyeji kuwa makosa, na kwamba ulinzi wa kisheria wa dini zao ulikuja 1978. Kwa hiyo hata hiyo sherehe ya heshima, kuna kipindi wakubwa wa nchi waliona ni ushenzi.

Kwa mavazi, usitafute nchi mbili za kupambanisha. Chukua moja na uitembeze katika miaka. Iran mwaka 1936, kwa amri ya Reza Shah, mfalme wa nchi hiyo, polisi waliwavua wanawake mitandio barabarani. Baada ya mapinduzi ya 1979 mambo yaligeuka, na mwaka 1983 sheria ikawalazimisha kuivaa. Kisha ongeza sheria ya Ufaransa ya 2004 inayokataza alama za dini zinazoonekana waziwazi katika shule za serikali. Kitambaa ni kilekile. Swali ni moja: katika kila tarehe hizi, msichana wa miaka 14 aliulizwa?

Swali la kwanza, la siku inavyokwenda, sijaliandikia kadi nyingi kwa sababu kadi yake kuu wataiandika wanafunzi wenyewe. Ongeza tu ya kisiwa cha Jeju, Korea Kusini, ambako wazamiaji wa baharini kwa desturi ni wanawake, haenyeo. Mabinti walianza kujifunza utotoni kwenye maji mafupi na kupanda ngazi tatu za ustadi. Utamaduni wao uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2016. Kadi hii inazuia dhana kwamba kazi ya msichana siku zote ni ya ndani. Ya tatu toa kumbukumbu za viwanda vya pamba vya Ulaya karne ya 19, kama una kitabu cha historia chenye ushahidi wa saa za kazi.

Kipindi cha kwanza: shajara ya saa 24

Siku moja kabla, mpe kila mwanafunzi karatasi yenye visanduku 48, kila kimoja nusu saa. Safu tatu: kazi kuu, kazi ya pembeni, na nani aliamua. Safu ya pembeni ndiyo roho ya zoezi. Msichana anayefanya hesabu huku amempakata mdogo wake ataandika "kusoma", na ule uangalizi wa mtoto unapotea. Hata wataalamu wa tafiti za matumizi ya muda husumbuliwa na jambo hili, ndiyo maana dodoso nyingi huuliza shughuli mbili kwa wakati mmoja. Waeleze wajaze siku iliyopita, si "siku ya kawaida", maana siku ya kawaida kila mtu huipamba.

Hakuna jina. Alama moja tu, mvulana au msichana. Waahidi kwamba mwishoni karatasi zitachanwa mbele yao. Angalizo: kama jinsia moja katika darasa ina watu chini ya sita, usitenganishe, maana karatasi zitatambulika. Wewe mwenyewe kusanya, changanya, gawa upya ili kila kundi lihesabu karatasi zisizo zake. Wahesabu mafungu manne: kazi za nyumbani, kuangalia watu, masomo, na muda huru.

Usichukue wastani. Mwanafunzi mmoja mwenye saa tisa za kazi atavuta hesabu ya darasa zima. Panga karatasi kuanzia saa chache hadi nyingi na usome iliyo katikati; kwa wasichana 24, ni kati ya ya 12 na ya 13. Andika ubaoni, wavulana kushoto, wasichana kulia. Baada ya hapo tu ndipo utaje takwimu ya UNICEF ya 2016: duniani, wasichana wa miaka 5 hadi 14 hutumia muda wa asilimia 40 zaidi ya wavulana wa rika lao katika kazi za nyumbani zisizo na malipo, jumla ya saa milioni 160 zaidi kila siku. Ukiitaja kabla, watajaza shajara kuifuata.

Mara nyingi wavulana hubisha kwamba wao hufanya kazi nzito. Wasikilize, kisha rudi kwenye safu ya tatu. Tofauti kubwa huwa hapo: kazi ya nani inaweza kuahirishwa, na ya nani haiwezi. Kuna pia darasa ambalo namba hazitofautiani sana. Usilazimishe, sema ndivyo ilivyo.

Cha pili na cha tatu: kadi

Makundi 12 ya watu wanne. Kila swali liende kwa makundi matatu, na kila kundi lipate kadi zote tatu za swali lake. Kadi isizidi maneno 150 na iwe na mambo manne: mahali mahususi (jimbo, kisiwa au wilaya, jina la nchi pekee halitoshi), mwaka, jambo lenyewe, na kaka yuko wapi wakati huo. Hilo la kaka usilisahau. Maisha ya msichana hayapimiki bila mtu wa kumlinganisha naye chini ya paa moja, na wavulana wasipojikuta kwenye kadi watasinzia au watacheka.

Kipindi cha tatu changanya: kundi jipya liwe na mmoja kutoka kila swali. Kwa kuwa kila swali lina watu 12, utapata makundi 12 kamili. Kila mmoja ana dakika saba za kuwaeleza wenzake bila kusoma kadi. Zinazobaki ni za kujaza jedwali moja kwa kila kundi.

Kama unaweza kupata picha za vitu vilivyotengenezwa na wasichana wenyewe, kipindi hiki ndicho mahali pake. Kimoja ningekipigania: nüshu, maandishi ya wanawake wa Jiangyong, mkoa wa Hunan, China. Herufi zake ni nyembamba, zimeinama upande, na kila moja huwakilisha silabi. Wasichana waliofungwa miguu, yaani iliyobanwa kwa vitambaa tangu utotoni ili ibaki midogo, waliokaa chumba cha juu wakishona na kudarizi, walifundishwa na mama, shangazi na marafiki zao wa kike. Binti akiolewa, siku ya tatu baada ya harusi alipelekewa kijitabu chenye jalada la kitambaa, ndani yake maneno ya mama na ya marafiki wa kiapo, na kurasa nyingine zimeachwa tupu ili mwali aandike yake. Humo pia alihifadhi nyuzi na vielelezo vya darizi. Yang Huanyi, anayehesabiwa kuwa wa mwisho kujifunza maandishi haya kwa njia ya jadi, alifariki 2004. Picha moja ya ukurasa wa nüshu inafanya kazi kuliko picha kumi za nyuso zenye huzuni, kwa sababu hapo msichana anasema mwenyewe.

Picha za matangazo ya misaada zitenge kabisa, au zitumie kama kitu cha kuchunguzwa: nani alipiga, nani alilipia, kwa nini mtoto hana jina.

Cha nne: kurekebisha sentensi

Wengi hukiruka kipindi hiki wakiona ni cha lugha tu. Mimi ningekata kingine chochote kabla ya hiki. Andika ubaoni sentensi hii: "Wasichana wa China walifungwa miguu." Iulize maswali manne. Lini? Wapi? Wapi? (ndiyo, mara mbili, maana jibu la kwanza huwa pana mno.) Nani hakufanya? Polepole sentensi inakuwa: "Katika karne ya 19 familia nyingi za Wahan nchini China ziliwafunga mabinti miguu tangu wakiwa wadogo, zikiamini hawataolewa vizuri bila hivyo, lakini Wahakka, ambao wanawake wao walilima, hawakufunga, na Wamanchu waliotawala nchi waliwakataza mabinti wao." Ni ndefu, lakini ni kweli, na ile ya kwanza si kweli.

Kisha kila mwanafunzi aandike sentensi moja kutoka kwenye jedwali na jirani yake aiulize maswali yaleyale. Makosa yatakayojirudia ni matatu. La kwanza ni wakati uliopo kwa jambo lililokwisha ("Wachina hufunga"). La pili ni mtendaji kupotea: "walilazimishwa", na nani? Kauli ya kutendwa huficha mama, bibi, serikali na mchumba katika neno moja. La tatu ni neno "bado", kama vile "bado wanaolewa mapema", ambalo huchukulia kwamba dunia nzima iko kwenye foleni moja na wengine wamechelewa. Hapo wataje Marekani: majimbo ya kwanza kupiga marufuku ndoa za chini ya miaka 18 bila ubaguzi wowote yalikuwa Delaware na New Jersey, mwaka 2018.

Takwimu nazo zipitie tanuri hilohilo. Kipimo cha ndoa za utotoni kinachotumiwa na UNICEF huuliza wanawake wa miaka 20 hadi 24 kama waliolewa kabla ya 18, kwa sababu msichana wa miaka 14 ambaye hajaolewa leo anaweza kuolewa mwakani. Maana yake asilimia unayoisoma inazungumzia ndoa zilizofungwa miaka kadhaa nyuma. Ukeketaji hupimwa sana kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49, hivyo hata mahali ambapo mabinti wadogo hawakeketwi tena, namba itashuka taratibu. Na jingine: UNESCO mwaka 2023 ilitaja watoto na vijana milioni 250 walio nje ya shule, na wasichana kati yao ni milioni 122, chini ya nusu. Mwanafunzi mwerevu atauliza kwa nini basi tunazungumzia wasichana. Swali zuri. Jumla ya dunia huchanganya mahali ambapo wavulana ndio huacha shule na mahali ambapo wasichana ndio huzuiwa. Ndiyo sababu kadi zako zina wilaya na mwaka.

Cha tano: hukumu

Mpaka hapa umewazuia kutoa hukumu. Sasa wape nafasi. Utapata kambi mbili: "ni mila yao, tusiwaingilie" na "ni ukatili, ukomeshwe". Usiziache zipigizane kelele. Weka swali jingine: ndani ya jamii hiyohiyo, nani alipinga, na alifanikiwa vipi?

China mwishoni mwa karne ya 19 zilianzishwa jumuiya za kupinga ufungaji miguu ambazo wanachama wake waliahidi mambo mawili: kutowafunga mabinti zao, na kutowaoza wana wao kwa wasichana waliofungwa. Ahadi ya pili ndiyo ufunguo. Baba akiacha peke yake, binti yake anakosa mchumba. Familia nyingi zikiacha pamoja, wachumba wapo. Serikali mpya ya jamhuri ilipiga marufuku mwaka 1912, na vizazi viwili hivi baadaye desturi iliyodumu karne nyingi ikawa imekufa.

Nchini Senegal, wanawake wa kijiji cha Malicounda Bambara, waliokuwa wamepitia masomo ya shirika la Tostan, walitangaza hadharani mwaka 1997 kwamba wanaacha ukeketaji. Demba Diawara, imamu wa kijiji cha jirani, alitoa hoja kwamba kijiji kimoja hakiwezi, kwa kuwa watu huoana na vijiji vingine, akaenda kwa miguu kuzungumza na jamaa. Mwaka 1998 vijiji 13 vilitoa tamko la pamoja. Sheria ya nchi ilikuja 1999, baada yao.

Waulize: familia moja ikiacha leo, itapoteza nini? Wachore kwa mishale. Kundi likigundua lenyewe kwamba mzazi aliyeogopa hakuwa lazima mkatili, na kwamba desturi hata hivyo ilimdhuru mtoto, limeshika mambo mawili kwa pamoja. Kisha wape kipimo: Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989. Ibara ya 12 inampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Nchi zote wanachama wa Umoja huo zimeridhia isipokuwa Marekani. Warudi kwenye kadi wakaweke alama palipo na msichana aliyesikilizwa.

Kuhusu usalama, kabla ya kipindi hiki mwalimu awe tayari. Katika watoto 48 yupo aliyeguswa na mojawapo ya haya, au dada yake. Usiombe wanyooshe mikono wala wasimulie ya kwao. Usimgeukie mwanafunzi wa kabila au dini fulani aseme "kwao" wanafanyaje; hakuja shuleni kuwa balozi. Usionyeshe picha za ukeketaji wala kueleza kitendo chenyewe. Zungumzia madhara kiafya: kutoka damu nyingi, maambukizi, matatizo ya uzazi. Kwa miguu iliyofungwa, onyesha kiatu badala ya mguu: mstari wa sentimita 10 ubaoni, urefu uliosifiwa, unatosha. Michezo ya kuigiza harusi ya mtoto au kujifunga vitambaa miguuni achana nayo. Anayeigiza hucheka, na anayekumbuka huumia. Weka sanduku la maswali yasiyo na majina na ujibu kipindi kinachofuata. Mtoto akija kukueleza siri, usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Mwambie utamwambia nani na kwa nini, na uwe umeshajua mhusika wa ulinzi wa watoto ni nani kabla ya siku hiyo.

Cha sita: insha

Swali la insha: "Chagua swali moja na mahali pawili. Eleza nani aliamua, kwa sababu gani, na nani alipinga." Maneno 300. Alama 20: tano za mahali na wakati mahususi, tano za sababu, tano za kuonyesha tofauti ndani ya jamii moja, tatu za kaka au mvulana kuwekwa kwenye picha, mbili za lugha. Neno "nawahurumia" lisikatwe alama, liandikie pembeni "kwa sababu gani?" na umrudishie aendeleze. Shajara za kipindi cha kwanza zichanwe siku hiyohiyo mbele yao, kama ulivyowaahidi walipokuwa wakijaza.

Ratiba ikibana ukapewa vipindi vitatu tu, chukua shajara, kadi za swali moja la urithi, na kurekebisha sentensi. Ukeketaji na ndoa za utotoni usivichomeke mwishoni kwa dakika kumi. Subiri upate kipindi kizima na siku inayofuata uwepo shuleni.